Waya Katika Unyayo wa Baba

6 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara tatu, na mara zote nimekuona unanicheka kabla sijafika mstari wa pili, kwa hiyo naona bora nikuache ucheke kwanza. Ndiyo, bado nakula nikiwa nimesimama. Ndiyo, bado naongea na mashine. Mimi mzima. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, nao nimeuzoea kiasi kwamba siku ukipakwa rangi nyingine nitaugua. Msalimie Bibi, umwambie redio anayogombana nayo haimsikii. Mama anasema mmekorofishana tena, safari hii juu ya mapazia. Sikuuliza nani alianza. Mawifi mnajuana.

Na Baba naongea kila Jumapili. Anasema, "Mimi mzima," anauliza kama huku kumenyesha, kisha anampa Mama simu. Mwezi uliopita Mama aliteleza ulimi, akasema "tangu mguu ulipovunjika," akakohoa, akasema mtandao unasumbua. Mtandao haukuwa unasumbua. Wewe simu huitaki kwa jambo lenye uzito, unasema ni ya kuulizana kama chumvi ipo, basi nakuandikia. Shangazi, mguu upi? Ule uliomtengenezea mwaka juzi, wa nyuzi za kaboni? Ulivunjikaje, naye alikuwa wapi ulipovunjika?

Nauliza kama binti, lakini nauliza pia kama mtu wa kazi. Tabia ya nyuzi hizo unaijua kuliko mimi: ukizivuta zinakishinda chuma, ukizigonga zinanuna. Hazibonyei kama bati ili mtu aone na ajihadhari. Juu panabaki laini, ndani matabaka yameachana kama kurasa za daftari lililolowa, na siku moja zinakatika bila kuaga. Kazi yangu hapa ni kuzipa nyuzi hizo mwenzi mwenye subira. Ni waya mwembamba wa nikeli na titani, unene wake unywele mara mbili au tatu. Waya wa kawaida ukiuvuta kupita kiasi hubaki umevutika. Huu unarefuka, na ukiuachia unarudi ulivyokuwa. Tunazilaza nyaya hizo kati ya matabaka kabla rezini, gundi inayoyashika, haijakauka. Pigo likija, nyuzi zinapotaka kukatika, waya unarefuka, unalimeza pigo, kisha unarudi. Kwenye karatasi ni rahisi hivyo.

Msimamizi wangu akiutazama waya huo anawaza mabawa ya ndege. Mimi nawaza ngazi. Namwona Baba, fundi dari mwenye mguu mmoja wa kuzaliwa na mmoja wa karakana yako, akiruka vipandio viwili vya mwisho kila siku kwa sababu kuvikanyaga ni mambo ya wazee. Anatua na mguu uleule. Miaka yote naisikia sauti ya ule mtuo.

Nitumie kipande kilichovunjika. Na uniambie ilivyokuwa.

Mwanao kwa upande wa kaka,
Mama Maswali, kama unavyoniita


19 Machi

Mama Maswali,

Marahaba. Barua yako ilikaa siku tisa kwa karani wa hospitali. Juu ya bahasha uliandika "Karakana ya Miguu", naye ni mgeni, akadhani mtu anamtania. Safari nyingine andika jina la hospitali kwa herufi kubwa, kazi yangu iache.

Mapazia alianza mama yako. Liandike hilo kwenye utafiti. Bibi hajambo, ila sasa anamjibu hata mtangazaji wa hali ya hewa, akisema kutakuwa na jua, yeye anasema, "Nani kakwambia?" Karakana ni ileile: meza mbili, tanuri moja, na feni inayogawa vumbi la plasta kwa wote bila upendeleo. Miguu ishirini na mmoja imening'inia ukutani inasubiri wenyewe.

Kaka yangu ni mzima. Aliteleza kidogo. Unyayo ulivunjika karibu na kisigino, basi. Kwa sasa anatembelea magongo, tena anayatembelea vibaya kwa makusudi ili watu wamwonee huruma. Kipande nimekifunga humu kwenye gazeti. Usiniulize zaidi, nina foleni.

Jambo moja ulijue. Habari za waya wako amezipata kwa mama yako, na sasa hakuna mtu mtaani ambaye hajaambiwa. Juzi alikuwa kwa kinyozi, nikamsikia mwenyewe: "Binti yangu ananitengenezea mguu wenye kumbukumbu. Mimi nikilewa, mguu utakumbuka nyumbani." Nimemtolea unyayo wa akiba, wa mbao na mpira, amekataa hata kuujaribu. Anasema atangoja wa kwako. Na dari hapandi mtu kwa magongo, kwa hiyo anashinda nyumbani anapanga misumari kwa ukubwa.

Sikuharakishi. Nakwambia tu kwamba kuna mtu anangoja.

Shangazi yako


11 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa niaba ya wote mliomvumilia Baba. Nina furaha, na kwa kuwa sijui kuifanyia nini nimefua mapazia. Mwambie Mama.

Niende kwenye lenyewe. Tuna mnara mdogo wa chuma, urefu wake dari kasoro kidogo. Juu kuna uzito wenye kichwa cha mviringo, chini tunaweka bamba letu, kisha tunauachia. Bamba la nyuzi peke yake lilitobolewa, kichwa kikatokea upande wa pili na nyuzi zimesimama kama ndevu. Bamba lenye nyaya halikutoboka. Tulilipiga tena, na tena. Lilibaki na kibonyeo ambacho ukucha wa kidole gumba unakijaza. Tukalipitisha kwenye mashine ya mawimbi ya sauti inayoona ndani: kidonda chake kilikuwa theluthi moja ya kile cha mwenzake. Msimamizi wangu, mtu asiyesifu hata chai, alisema, "Sawasawa."

Mabamba hayo aliyalaza fundi wa maabara, mzee mmoja ambaye wanafunzi tunamwita Mzee Glovu kwa sababu neno hilo hulisema mara nyingi kuliko jina la mkewe. Lakini unyayo wa Baba nimeulaza mwenyewe. Nimetengeneza miwili, pacha, kwa vipimo ulivyomchukulia mwaka juzi. Mzee alitaka kunisaidia nikamkatalia. Nilitaka kila waya upite mkononi mwangu. Pacha mmoja nimeupiga kwenye mnara. Kibonyeo chake kilikuwa kidogo kuliko vyote. Wa pili anauleta mwenzangu anayekuja huko likizo. Mfungie Baba, Shangazi. Msimamizi anataka niuwasilishe utafiti huu Desemba, na ningependa kusema mbele ya watu kwamba kuna mtu tayari anautembelea.

Kipande ulichonitumia nimekitazama. Mpasuko wake una rangi mbili. Sehemu ni mpya, inang'aa. Sehemu ni ya zamani, imeingia vumbi na jasho. Maana yake ulianza kuachana wiki nyingi kabla haujavunjika. Hukuona dalili yoyote?

Mwanao,
Mama Maswali


30 Juni

Mama Maswali,

Marahaba. Bibi anakusalimu. Wote tuko salama.

Unyayo umefika. Kuutazama ni mzuri, hata mimi nimeuonea wivu ukingo wake. Nimeugonga kwa ufunguo wa kabati la plasta, kama ninavyogonga kila kitu kinachopita mezani kwangu. Kuanzia vidoleni hadi katikati unaitika. Kuanzia katikati hadi kisigino unakohoa, kama kitu kilichoachana ndani. Nimegonga asubuhi, nimegonga jioni. Nimemwita mpiga plasta wetu agonge, mimi nikiwa nimempa mgongo ili nisimwone anagonga wapi. Unakohoa palepale.

Uliupima ndani au nje tu? Nao ulikaukaje?

Nimeuweka kabatini na kabati nimelifunga. Baba yako amekuja mara mbili. Nimemwambia tunangoja boliti.

Shangazi


14 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima.

Ufunguo wa kabati si kipimo. Nasema kwa heshima zote, lakini nasema. Mimi nina mnara, nina mizani, nina namba zilizoandikwa na mashine isiyomjua Baba wala mimi. Wewe una sikio. Uliulaza mwenyewe, umekauka saa zake zote, kwa joto lake. Ndani sijaupima kwa sababu mashine ya mawimbi iko kwenye matengenezo tangu Aprili, ila pacha wake umepigwa na haukuvunjika. Unataka nini zaidi?

Jumapili Baba hakumpa Mama simu. Aliongea dakika kumi na moja, nilikuwa naziangalia. Alisema, "Boliti gani hiyo ya wiki tatu? Hata meli ina boliti chache." Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Au kuna watu hawapendi kupitwa na mtoto." Nilipaswa kukutetea na sikukutetea, na tangu Jumapili hiyo najiuliza kwa nini. Labda ni kwa sababu nami nilishawaza hivyo. Miaka ishirini na sita watu wamekuja kwako kwa magoti. Sasa mtoto wa kaka yako ametuma kitu kimoja, nawe umekifungia kabatini.

Tena swali langu la rangi mbili hukunijibu.

Mfungie Baba mguu wake.

Binti wa kaka yako


22 Septemba

Mwanangu,

Nimekaa na barua yako wiki tisa. Nimeibeba kwenye mfuko wa koti la kazi mpaka mpiga plasta akadhani ni barua ya mchumba. Bibi alikuwa na kifua, sasa amepona, anagombana kama zamani. Mama yako alikuja kumuuguza, tukakaa chumba kimoja siku nne bila kutaja mapazia. Kwa hiyo miujiza ipo.

Sasa nikujibu.

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, kaka yangu alikuja kubadilishiwa mkanda. Kabla sijamfungia nikaugonga unyayo wake, mkono umezoea, haungoji nifikiri. Ulikohoa. Si sana. Kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuomba ruhusa ya kusema. Nikagonga tena. Ukakohoa tena.

Nje palikuwa na watu kumi na wanne kwenye benchi. Yeye alikuwa na dari la ukumbi anatakiwa alimalize wiki ile, anachezesha goti lake, anasema, "Dada, vipi, unaupigia hodi?" Na unyayo ule nilikuwa nimeutengeneza mimi. Nilimwambia siku nimemfungia kwamba utamzika. Nikaweka ufunguo mfukoni, nikamwambia, "Uko sawa, nenda."

Wiki sita baadaye aliruka vile vipandio vyake viwili. Aliangukia saruji. Mtulinga, mfupa wa begani, ulivunjika mahali pawili, akalala wiki tatu. Yeye ndiye aliyekataza usiambiwe, kwa sababu ulikuwa na mitihani. Mimi nilikubali haraka mno, na sababu yangu haikuwa mitihani yako. Tangu siku ile sijalala usingizi wa kushiba. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya mguu wa mwenzangu, akaumbuka yeye.

Hajui kwamba nilisikia. Hajui mtu yeyote. Sasa unajua wewe, na rangi zako mbili nimezijibu.

Kwa hiyo usiniambie ufunguo si kipimo. Ufunguo ulipima vizuri kabisa. Mwenye masikio ndiye aliyeogopa aibu.

Ulisema kila waya ulipita mkononi mwako. Nimelisoma neno hilo mara nyingi. Mkono upi, Mama Maswali, mtupu au uliovaa glovu? Hapa kwangu aliyepaka losheni haingii chumba cha rezini hata akiwa daktari mkuu. Rezini haishiki penye mafuta. Itakaa karibu na waya miaka kumi bila kushikana nao, kama mimi na mama yako.

Kaka hasemi nami. Anapita nje ya dirisha la karakana na magongo yake, na kila akipita anaugonga ukuta ili nijue ni yeye. Naweza kumaliza haya kwa sentensi moja: kazi ya binti yako ni mbovu. Sitaisema. Kwanza, sina hakika nayo kwa asilimia zote; pili, fundi husema mwenyewe. Kata yule pacha uliyenaye. Ukimkuta mzima ndani, niandikie neno moja tu, nitamfungia baba yako unyayo wake siku hiyohiyo na kukuomba radhi mbele ya mama yako, jambo ambalo unajua litaniuma.

Shangazi


9 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Nilitaka kuanza na salamu ndefu kwa kuwa naogopa kufika kwenye jambo. Bibi apone vizuri. Mama asirudi haraka. Mimi mzima, nakula nikiwa nimeketi, siku mbili sasa.

Nimemkata pacha. Barua yako ilifika Jumatano, na Alhamisi asubuhi nilikuwa mbele ya msumeno wa almasi. Nilikata upande wa kisigino, nikasugua uso wake mpaka ukang'aa, nikauweka chini ya hadubini. Nilijua kabla sijarekebisha lenzi. Kila waya umesimama ndani ya tundu lake kama kidole ndani ya pete ya mtu mnene. Rezini imeuzunguka pande zote na haijaugusa. Kutoka kwenye matundu hayo nyufa zimetambaa kati ya matabaka hadi karibu na ukingo. Kwenye mabamba ya Mzee Glovu, ambayo niliyakata baadaye ili nilinganishe, rezini imeushika waya bila hata upenyo wa nuru.

Mkono ulikuwa mtupu. Hewa ya chumba chetu hukaushwa kwa ajili ya rezini, na inakausha watu pia. Vidole vyangu hupasuka mpaka vinatoa damu, kwa hiyo kila asubuhi napaka losheni. Kwenye glovu hainidhuru. Lakini ncha za nyaya hunasa kwenye glovu, nami nilitaka zilale sawasawa, nilitaka nizihisi. Nikazivua. Mabamba ya mabawa ya ndege yalilazwa na mtu aliyevaa glovu kwa sababu hayakuwa ya mtu wake. Unyayo wa Baba niliulaza kwa upendo na mafuta.

Kuna jingine, ambalo hukuniuliza. Pacha ulipopigwa mara ya tatu, mashine iliandika namba ya ajabu: unyayo ulikuwa umelegea karibu nusu. Kibonyeo kilikuwa kidogo, waya umerudi ulivyokuwa, juu pamejinyoosha, nami nikaamini macho. Pembeni ya namba hiyo niliandika "hitilafu ya mashine" kwa mwandiko mzuri sana. Kwa hiyo sina pa kukucheka. Wewe ulisikia ukanyamaza. Mimi niliandikiwa kabisa.

Nimefikiri mengi juu ya waya huu. Nilidhani fadhila yake kuu ni kurudi ulivyokuwa baada ya pigo. Sasa naona kwamba kibonyeo nacho kina kazi, kinamwambia mtu aliyekanyaga: hapa nimeumia. Kitu kinachojinyoosha upesi kinahitaji kutazamwa ndani zaidi ya kile kinachobaki kimebonyea. Nitaliandika hilo kwenye utafiti, ingawa sijui ukurasa wake ni upi.

Nimemweleza msimamizi. Aliuliza maswali mawili, akafungua kalenda, na uwasilishaji wa Desemba ukahamia mwaka ujao bila yeye kupandisha sauti. Mzee Glovu alinitazama vidole. Alikwenda kabatini kwake, akarudi na boksi, akaliweka mezani pangu. "Saizi ndogo," akasema. "Nilikuagizia tangu Machi. Hukuniuliza." Zinanibana vizuri. Ncha hazinasi.

Na Baba nimemwandikia. Nilijaribu simu, nikaishia kumuuliza kama kumenyesha. Barua imeondoka Jumatatu. Nakunakilia sehemu yenyewe ili usije ukakutana nayo kwa mshangao:

"Baba, unyayo niliokutumia ni mbovu. Hakuna boliti inayongojwa. Shangazi aliusikia siku ya kwanza, akanipa nafasi niseme mwenyewe, na mimi nikamtukana. Kosa ni la mikono yangu. Usimkasirikie yeye, nikasirikie mimi. Mwambie aukate mbele yako ili uone ndani. Kisha, nakuomba, ukubali atakachokutengenezea. Wangu utachukua muda na sitaki uungoje ukiwa juu ya magongo."

Lile la kwako, la Novemba, sikuligusa. Si langu.

Mwanao


16 Novemba

Mwanangu,

Marahaba, na pole ya vidole. Kwa vidole vilivyopasuka, paka jioni ukishamaliza kazi, asubuhi osha kwa sabuni mpaka vilie. Bibi amenunuliwa redio mpya, anasema mtangazaji wa humu ana adabu kidogo. Mama yako amenitumia mapazia. Hayaendani na chochote nyumbani kwangu, nimeyatundika.

Kaka alikuja Ijumaa. Benchi lilikuwa limejaa. Akapita wote, akaingia bila hodi, barua yako inachungulia kwenye mfuko wa shati.

"Boliti zimefika?" akaniuliza. Neno lake la kwanza kwangu tangu Agosti.

"Hapakuwa na boliti."

"Najua. Nimeandikiwa. Fungua kabati."

Nikafungua. Aliushika unyayo muda mrefu, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo. Nilidhani atauweka kwapani aondoke nao. Akaniambia, "Kata." Nikaufunga kwenye jiliwa, nikaukata katikati ya kisigino. Akachukua nusu moja, akaukamata waya kwa kucha mbili, akavuta. Ukatoka wote, mrefu, bila kubishana. Unajua anavyotazama msumari uliopigiliwa vibaya. Aliutazama hivyo, kisha akauzungusha kidoleni na kuuachia, nao ukajinyoosha. Akafanya hivyo mara tatu.

"Hii dawa," akasema. "Imewekwa tu vibaya."

"Ndivyo alivyosema."

"Kasema mwenyewe. Angeweza kunyamaza, ningejuaje? Mimi ningenyamaza." Akaikunja barua vizuri zaidi, ingawa ilikuwa imekunjwa. "Nilikusema vibaya kwa watu, Dada. Mpaka kwa kinyozi."

Hapo ndipo ningeweza kupokea radhi yangu na kumwita anayefuata. Mpiga plasta alikuwa ameshika mlango. Nilimwambia atoke, afunge.

"Na mimi nilinyamaza," nikamwambia.

"Lini?"

Nikamwambia lini. Nilimwambia yote, pamoja na kwamba niligonga mara mbili, pamoja na yeye alivyoniuliza kama naupigia hodi. Alikumbuka. Niliona usoni anakumbuka. Mkono wake ukapanda wenyewe ukashika mtulinga, kisha akauona uko pale, akaushusha.

Feni ilizunguka. Nje mtu alikohoa kwenye benchi.

"Kwa sababu ya foleni?"

"Hapana. Foleni ilikuwepo, lakini hapana. Niliona haya."

"Uone haya mbele yangu?" Sauti ilimpanda. "Mbele yangu mimi? Umenifunga kamba za viatu mpaka darasa la nne!"

Akachukua magongo, akaenda mlangoni. Nilimhesabia hatua, ni sita kutoka jiliwa hadi pale. Nikawaza kwamba kuna karakana nyingine, saa tatu kwa basi, watampokea, na ni haki yake.

Alifika mlangoni, akayaegemeza magongo ukutani. Akarudi kwa mguu mmoja, anashika meza, anashika tanuri, anashika bega langu bila kunitazama. Akaketi kwenye kiti cha kupimia. Akakunja suruali.

"Pima," akasema. "Huo wa kawaida. Lakini nimekasirika, ujue. Nitakasirika mpaka mwakani."

"Kasirika," nikamwambia. "Ila nyoosha goti."

Akanyoosha.

Shangazi yako